Msalaba Usio wa Jiwe: Uhakiki wa Maandishi ya Makaburini kati ya Mbarara na Nakivale

Ikisiri

Makala haya yanahakiki maandishi ya misalaba ya makaburini katika makazi ya wakimbizi ya Nakivale, wilayani Isingiro, na katika mji jirani wa Mbarara, kusini-magharibi mwa Uganda. Hoja yake ni kwamba vigezo viwili vinavyotumika sana kupima urithi wa makaburi, yaani uimara wa jiwe na wingi wa miaka, vinaliacha nje andiko la Kiswahili lililo karibu zaidi na maisha ya watu waliohama. Aidha, yanadai kuwa kanuni ya kuandika msalaba, jina na tarehe mbili, ilitungwa na watu wanaozikwa walikozaliwa, na kwamba huko Nakivale kanuni hiyo inanyamazia jambo la maana kuliko yote.

Jiwe na heshima yake

Katika mijadala ya urithi, msalaba wa uwanja wa kanisa una sura moja iliyokwisha kuzoeleka: nguzo ya jiwe, ndefu kuliko mtu, iliyochongwa pande zote nne, yenye kuvu na umri wa miaka elfu. Sura hiyo imetoka Uingereza, Uskoti na Ayalandi. Huko Gosforth, kaskazini mwa Uingereza, msalaba wa karne ya 10 bado umesimama katika uwanja wa kanisa la Mtakatifu Maria, na juu yake kusulubiwa kwa Kristo kumechongwa pamoja na visa vya miungu ya Skandinavia. Huko Monasterboice, nchini Ayalandi, msalaba unaoitwa wa Muiredach una maandishi mafupi ya Kiayalandi yanayomsihi msomaji amwombee Muiredach aliyeuagiza. Huko Ruthwell, kusini mwa Uskoti, msalaba wa karne ya 8 una Kilatini kwa herufi za Kirumi na Kiingereza cha Kale kwa herufi za runi, na maneno ya runi yanalingana na sehemu za shairi lililokuja kupatikana katika hati ya Vercelli, Italia.

Wanaoitumia misalaba hiyo kama kipimo cha misalaba mingine yote duniani husahau kwamba mingi yake haikuwa alama ya kaburi. Ilisimamishwa kwa ajili ya sala, mahubiri, mpaka au sifa ya mfadhili. Makaburi ya kawaida yaliyoizunguka yalikuwa na alama za kupita, ambazo hazikudumu. Husahau pia kwamba uimara wake haukutokana na jiwe peke yake. Msalaba wa Ruthwell ulivunjwa mwaka 1642 kwa amri ya Kanisa la Uskoti lililouona kuwa sanamu, vipande vikatupwa, na ni mchungaji Henry Duncan aliyevikusanya na kuusimamisha tena mwaka 1823. Bila watu waliobaki mahali pale wakiwa na nia ya kuutunza, jiwe lile lingekuwa kifusi. Na msalaba wa Gosforth, unaosifiwa kama kielelezo cha utulivu wa parokia ya mashambani, ni kazi ya jamii yenye wahamiaji waliovuka bahari wakiwa na hadithi za kwao, wakazichonga kando ya imani waliyoikuta. Hilo la mwisho linapaswa kumvuta msomaji wa Nakivale kuliko urefu wa nguzo.

Kwa upande wa pwani ya Waswahili, jiwe limepewa heshima hiyohiyo kwa njia nyingine. Makaburi ya nguzo ya Malindi, Mnarani, Kaole na Kunduchi, pamoja na kaburi la Gedi lenye tarehe ya mwaka 802 wa Hijria, sawa na 1399, yamechorwa, yamepimwa na kuandikwa kwa bidii inayostahili. Msalaba wa jiwe unaokaribia umri wa ile ya Ulaya ni ule wa Malindi, uliowekwa na Wareno wa safari ya Vasco da Gama ya 1498, wa chokaa iliyoletwa kutoka Lisbon. Haukuwekwa juu ya maiti ya mtu yeyote. Ulikuwa tangazo la wapita njia kwamba walifika.

Sheria nazo zimefuata jiwe na kalenda. Sheria ya Mambo ya Kale ya Tanzania ya mwaka 1964 inahesabu kuwa kumbukumbu ya kale jengo au ziko lililofanywa kabla ya 1863. Tarehe hiyo inauacha nje hata msalaba wa Bagamoyo, ambako mapadre wa Roho Mtakatifu walianza utume wao mwaka 1868. Ili kitu cha baada ya hapo kilindwe, lazima mamlaka yatoe tangazo mahususi. Uganda ilikuwa na Sheria ya Kumbukumbu za Kihistoria ya 1967, mwaka uleule serikali ilipofuta falme, Ankole ikiwemo, kisha ikaja sheria mpya ya makumbusho na kumbukumbu ya 2023. Mkazo ni ule wa kutangaza mahali kuwa pa thamani. Nkokonjeru, nje kidogo ya Mbarara, walikozikwa wafalme wawili wa mwisho wa Ankole, Kahaya wa Pili na Gasiyonga wa Pili, inaingia kwa urahisi katika mkazo huo: ina wafalme, ina jengo, ina mahali pasipohamishwa. Kaburi la mama wa Kikongo aliyezikwa Rubondo chini ya mbao mbili zilizopigiliwa misumari haliingii.

Neno lililotangulia mbao

Kabla ya kusoma kilichoandikwa juu ya msalaba, ni vema kulisoma neno msalaba lenyewe. Asili yake ni Kiarabu, lugha ya majirani Waislamu wa pwani, nalo liliingia katika Kiswahili na kupewa ngeli ya mti. Kutoka hapo lilipanda bara pamoja na misafara na wamisionari. Mnyarwanda na Mrundi wanasema umusaraba; Mganda anasema omusaalaba; Mnyankole anasema omusharaba. Anayetoka upande wa Kilingala husema ekulusu, neno lililozaliwa na cruz ya Wareno walioingia kupitia mlango wa mto Kongo. Kwa hiyo, katika makaburi ya Nakivale njia mbili za historia hukutana juu ya kitu kimoja: ile ya Bahari ya Hindi na ile ya Atlantiki. Hakuna jiwe la Ulaya linalobeba safari ndefu kama hiyo, na aliyelibeba neno hilo hakuhitaji kulichonga popote.

Jambo hili lina uzito kwa wanaoshauri sera za lugha. Nchini Uganda, Kiswahili hutajwa kama lugha ya kuingia: kilifanywa lugha rasmi ya pili kwa marekebisho ya katiba ya mwaka 2005, na mwaka 2022 Baraza la Mawaziri likaidhinisha kifundishwe kwa lazima shuleni. Mjini Mbarara wapo wanaokiona bado kuwa lugha ya kambi ya jeshi na ya madereva wa malori. Lakini kila Mnyankole anayesema omusharaba wakati wa mazishi anatumia neno lililopitia Kiswahili zamani sana, kabla ya Baraza lolote kukaa.

Uwanja wa kanisa uko wapi?

Mtafiti anayetafuta uwanja wa kanisa wenye makaburi ya waumini mjini Mbarara atapata kidogo kuliko alivyotarajia. Nyamitanga, kilima cha kanisa kuu la Wakatoliki, na Ruharo, kilima cha kanisa kuu la Waanglikana, ni mahali pa heshima, lakini maziko ya viwanja vya makanisa makuu kwa desturi ni ya maaskofu, mapadre na wachache waliotumikia. Mnyankole wa kawaida huzikwa kwao, katika ardhi ya ukoo, mara nyingi kando ya migomba, na jirani anajua kaburi ni la nani hata kama halina andiko. Hata aliyeishi mjini miaka thelathini husafirishwa kijijini. Msalaba wa saruji uliowekwa hapo unawaambia wenyeji walichokwisha kukijua.

Nakivale ni kinyume chake. Makazi haya yalifunguliwa mwishoni mwa miaka ya 1950 kwa ajili ya wakimbizi wa Rwanda, na ni miongoni mwa makazi ya wakimbizi ya zamani zaidi barani Afrika. Leo yana watu zaidi ya laki moja kutoka Kongo, Burundi, Rwanda, Somalia, Ethiopia, Eritrea na kwingineko, waliogawanywa katika kanda za Base Camp, Juru na Rubondo. Hawa hawana ukoo ulioshika ardhi hapo. Kanuni za Wakimbizi za mwaka 2010 zinawapa haki ya kulima na kuchunga katika ardhi waliyogawiwa, si haki ya kuiuza wala kuikodisha. Kwa sababu hiyo, maziko ya watu wa kawaida waliochanganyika, wasio na uhusiano wa damu, kando kwa kando, chini ya alama zinazohitaji kusomwa ili marehemu ajulikane, yanapatikana Nakivale kuliko Nyamitanga. Kwa maana ya kijamii, uwanja wa parokia wa Enzi za Kati una ndugu yake hapa. Katekista anayeongoza maziko anafanya kazi ambayo paroko wa Gosforth angeitambua.

Somo hilo, hata hivyo, lina mpaka wake. Wasomali Waislamu wa Nakivale huzika bila msalaba na mara nyingi bila andiko, na kaburi lao halipungukiwi kitu kwa hilo. Uhakiki unaodai kwamba pasipoandikwa pamepotea kumbukumbu unasema kwa sauti ya watu wa vitabu tu.

Jina na tarehe mbili

Andiko la kawaida la msalaba katika eneo hili ni fupi. Hukwaruzwa kwa msumari katika zege bichi, hupakwa kwa rangi juu ya mbao, au huandikwa juu ya kibati. Huwa na jina, alizaliwa, alifariki, na labda dua fupi. Lugha hubadilika ndani ya mstari mmoja: Kifaransa cha Ici repose, Kinyarwanda cha aruhukire mu mahoro, Kiswahili cha apumzike kwa amani, na zile herufi tatu R.I.P. ambazo wengi huzisoma kuwa Kiingereza. Kwa kweli ni za Kilatini, na ni bahati tu kwamba Kiingereza kinaweza kuzijaza kwa maneno yake bila kubadilisha hata moja. Msalaba wa Ruthwell uliandikwa Kilatini na lugha ya watu wa pale. Msalaba wa Juru unaweza kufanya vivyo hivyo bila aliyeuandika kujua.

Vitenzi vyenyewe vinastahili kusomwa taratibu. Alizaliwa ni kauli ya kutendwa: aliyezaa hatajwi. Alifariki ni kauli ya kutenda, na kwa ukamilifu wake ni kufariki dunia, kuachana nayo. Msalaba huikata dunia kwa kukosa nafasi, na marehemu anabaki ametengana na kitu kisichotajwa. Wengine huchagua alitwaliwa, na hapo mtendaji aliyefichwa anaeleweka kuwa Mungu. Kinyarwanda humwita marehemu nyakwigendera, yule aliyejiendea. Neno marehemu lenyewe, lenye asili ya Kiarabu, humaanisha aliyerehemewa, na Wakristo wamelipokea bila ubishi. Kitenzi ambacho kanuni ya msalaba haina desturi ya kukipokea ni aliuawa. Kwa jamii iliyokimbia vita, kukosekana kwake si jambo dogo. Inawezekana ni huruma kwa watoto watakaosoma. Inawezekana ni hofu ya jirani aliye makaburi matatu mbele. Mhakiki mwenye haraka ya kuiita hali hiyo ukimya wa kisiasa angefaa kwanza akumbuke kuwa wafiwa wengi hulipia andiko kwa kuhesabu herufi.

Kuna tarehe pia. Katika uandikishaji wa wakimbizi ni desturi inayojulikana kwamba asiyejua siku aliyozaliwa huandikiwa tarehe 1 Januari ya mwaka unaokadiriwa. Tarehe hiyo hukaa katika kadi, kutoka kadi huenda katika fomu ya kifo, na kutoka fomu hufika kwenye msalaba. Anayekuta makaburini watu wengi kupita kiasi waliozaliwa siku ya Mwaka Mpya hasomi habari ya uzazi, anasoma mwandiko wa karani. Hapa andiko la kaburi linakuwa nakala ya ofisi, na wafiwa wanaweza kuwa wanajua vizuri kwamba mzee alizaliwa wakati wa mavuno ya mtama, lakini mtama hauna nafasi kati ya namba mbili.

Upungufu mkubwa zaidi, hata hivyo, ni mahali. Jina na tarehe mbili ni kanuni ya watu wasiohama. Msalaba wa kijijini Ankole hauna haja ya kusema marehemu alizaliwa wapi, kwa kuwa alizaliwa pale alipolala. Kanuni hiyo ilipohamia Nakivale iliingia nzima, ikiwa na pengo lake ambalo kwao halikuwa pengo. Kwa mkimbizi, jina la kijiji alikozaliwa lingekuwa habari kuu ya andiko zima: lingemwambia mjukuu aende wapi, na lingemwambia msomaji yeyote kwamba huyu hakutoka hewani. Wachache wanaoliongeza, kwa neno moja tu la Masisi au Uvira au Ngozi chini ya jina, wanavunja kanuni, na andiko lao ndilo lenye nguvu zaidi katika uwanja mzima. Ni uamuzi wa kiutunzi kabisa, ingawa aliyeufanya huenda hakufikiri anatunga kitu. Linganisha na makaburi ya askari wa Tanzania wa vita vya 1978 na 1979 huko Kaboya, mkoani Kagera: taifa liliwarudisha wafu wake kwao na kuwatunza kwa safu. Aliyezikwa Nakivale hana dola inayomdai.

Kosa ambalo si kosa

Huja wakati ambapo mradi wa kuhifadhi unapendekeza pia kusahihisha. Katika misalaba ya watu waliokulia Kinyarwanda au Kirundi, ambamo l na r hazitofautishi maana, Kiswahili huweza kuandikwa alizariwa, na pengine alifaliki, kwa mwandishi aliyejitahidi kupita kiasi kuikwepa r. Katika Kiswahili cha mashariki mwa Kongo huweza kutokea alizalikwa. Mwalimu wa Kiswahili sanifu huona makosa matatu. Mwanaisimu makini huona nyumbani kwa watu watatu. Pale ambapo kanuni imekataa kutaja mahali, tahajia imepataja bila ruhusa.

Kwa hiyo, pendekezo la kuandika upya maneno ya makaburini kwa tahajia moja, kwa jina la kuoanisha Kiswahili cha Afrika Mashariki, likitolewa kwa nia njema namna gani, lingefuta ushahidi pekee wa asili uliobaki kwenye mbao zile. Kiswahili sanifu kina kazi yake darasani na katika fomu za ofisi. Juu ya kaburi lililokwisha kuandikwa hakina kazi. Mtu anayenakili andiko aandike kama lilivyo, herufi kwa herufi, na maelezo yake yakae pembeni.

Lakini nakala nazo hazina usafi wa moja kwa moja. Kupiga picha misalaba mia na kuipeleka chuoni, majina yakiwa wazi, ni kuchukua kutoka kwa wafiwa kitu ambacho hawakuulizwa, tena wafiwa ambao baadhi yao wana sababu ya kutotaka kujulikana walipo. Majina ya watu binafsi hayahitajiki ili kuchunguza kitenzi. Ruhusa ya familia, au ya kanisa pale familia ilipokwisha kuondoka, itangulie kamera.

Mwenye kaburi akiondoka

Hapa ndipo suala la sera linapokuwa zito. Wengi wa wakimbizi wa Kinyarwanda wa kizazi cha kwanza, pamoja na watoto wao, walirejea Rwanda baada ya Julai 1994. Makaburi ya wazee wao hayakurejea. Ardhi ya makazi hugawiwa upya, viwanja vimezidi kuwa vidogo kadiri watu walivyoongezeka, na mizozo ya mipaka kati ya wakimbizi na wakulima wenyeji imekuwapo kwa miaka mingi. Familia iliyofika jana kutoka Kivu Kaskazini ikikabidhiwa kiwanja chenye kaburi lisilojulikana, haina kosa ikipanda maharage juu yake. Haina pia namna ya kusoma msalaba ulioanguka miaka ishirini iliyopita. Hali hii haitatatuliwa na orodha ya kumbukumbu za taifa, kwa sababu hakuna atakayetangaza mbao mbili kuwa kumbukumbu ya taifa, na pengine hapaswi. Inaweza kupunguzwa na Ofisi ya Waziri Mkuu, inayogawa viwanja, ikiwa ramani za ugawaji zitaonyesha maeneo ya maziko na kuyaacha nje ya ugawaji, na ikiwa uongozi wa Wilaya ya Isingiro utashirikishwa ili eneo hilo lisionekane kuwa ujanja wa wakimbizi wa kujipatia ardhi ya kudumu. Hofu hiyo ya wenyeji ipo na ina mantiki: katika desturi za Ankole, kaburi ndilo hati ya zamani zaidi ya kumiliki ardhi. Kila msalaba unaosimamishwa Nakivale unasomwa mara mbili, na waliofiwa kama kumbukumbu, na jirani mwenyeji kama dai. Mpango wowote unaouhesabia usomaji wa kwanza tu utakwama kwenye ule wa pili.

Makanisa yana nafasi ambayo serikali haina. Daftari la maziko la parokia halina haja ya jiwe, halina haja ya ardhi, na linaweza kuwa na safu moja zaidi kuliko msalaba: mahali pa kuzaliwa, kwa tahajia ya msemaji mwenyewe. Parokia na makanisa yanayohudumu katika makazi yakikubali kuiongeza safu hiyo, gharama yake ni mstari wa kalamu. Kuhusu misalaba yenyewe, ratiba ya kunakili haiwezi kupangwa kwa karne kama ilivyo kwa Gedi au Ruthwell. Zege linaweza kusubiri. Mbao hazisubiri mchwa, na rangi haisubiri jua. Kazi ianzie kwenye mbao, kanda kwa kanda, kabla ya mvua za Machi.